Mwaka wa Kiti na Mhuri

Tangazo la kifo cha Bosco lililetwa redioni asubuhi ya Jumatatu, kati ya tangazo la mbuzi aliyepotea kijijini Shari na tangazo la mkutano wa wazazi. Kazi yangu ni kutangaza. Mwenzangu Espérance hunisomea karatasi mara moja, mimi naishika kichwani, kisha ananigusa begani kwamba tuko hewani, nami nasema. Wasikilizaji wengi wa Bunia hawajui kwamba yule mama anayewaambia nani kafa, nani kapotea na ada ya shule inalipwa lini, ni kipofu. Sijawahi kuona sababu ya kuwaambia. Espérance alianza kusoma kama kawaida, familia inasikitika kuwatangazia ndugu, jamaa na marafiki, akafika kwenye jina nami nikamwomba arudie. Akarudia. "Mama Mado, ulikuwa unamujua?" akaniuliza. "Nilikuwa namujua," nikasema, kisha nikamtangaza Bosco kama ninavyowatangaza wote, sauti haikupanda wala haikushuka. Nilikuwa sijasema na mtu yule kwa zaidi ya miaka ishirini, kwa kupenda kwangu mwenyewe, na nilidhani nimemalizana naye.

Sitaanza na baba na mama, wala na kilima walikozaliwa babu zangu. Nimesomewa vitabu vingi vya maisha ya watu wetu, na humo mababu hujaa mpaka mwenye kitabu anakosa pa kukaa. Wala sitaandika kabila langu. Mwaka ule lilisomwa usoni mwetu kwenye kila kizuizi cha barabara, na waliolisoma walikuwa na mapanga, inatosha. Naandika juu ya mwaka mmoja tu, ule uliofuata mapigano makubwa ya kugombea mji, wakati askari wa kigeni wenye kofia za bluu walikuwa wakizunguka na magari yao mazito mchana, na sisi tukijifungia jioni kabla jua halijazama. Macho yangu yalikuwa yamekwisha kwenda. Yalibaki kwenye uwanja wa nyuma ya nyumba yetu, mtaa wa Rwambuzi, siku bomu, bombe kama tunavyosema, lilipoangukia jiko wakati naepua sombe, yaani kisamvu. Nilikuwa na umri wa kuolewa, nilikuwa mwaka wa pili wa sheria, na mpaka leo jirani akiunguza sombe mimi hufunga dirisha.

Wapiganaji walipopita chuo kikuu chetu walibeba kila kinachobebeka: viti, milango, mabati, hata vitabu, vya kuwashia moto. Kitu kimoja hawakukipata, nacho ni mhuri. Katibu wa masomo, ambaye wote tulimwita Prof, aliutoa mjini ndani ya sufuria ya unga, mkewe akiwa ameibeba sufuria ile kichwani kwa miguu hadi Beni. Prof alisimulia habari hiyo mara nyingi sana, na kila aliposimulia mke alipungua ndani yake, mpaka mwishoni ikawa ni yeye na mhuri tu msituni. Simcheki kwa kila kitu. Mtu aliyeona chuo chake kikibaki kuta tupu, akafungua mkono na kukuta mhuri, lazima aamini kwamba chuo ni ule mhuri. Ubaya ni kwamba aliendelea kuamini hivyo hata baada ya watu kurudi.

Na tulirudi na viti. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi mpya: chuo hakikuwa na kiti hata kimoja, kwa hiyo kila mwanafunzi alikuja na chake kutoka nyumbani, akakiweka kwenye ukumbi wa masomo, akakiacha pale. Kiti kikishaingia ukumbini, mwenyewe amerudi, hakuna aliyeuliza zaidi. Kikitoka, tulijua amekimbia tena, au amekufa. Kulikuwa na viti vya plastiki, viti vya kanisa, vigoda vya jikoni, hata kiti cha gari kilichong'olewa sijui wapi. Mimi nilipeleka kiti cha mbao cha kwetu, kifupi, mguu mmoja ukiyumba. Bosco, fundi wa kompyuta wa chuo, alinikuta nakipapasa katikati ya vingine nisijue kipi ni changu. Hakusema neno la huruma. Alikwenda akapasha msumari moto kwenye makaa ya mama wa mandazi, akarudi na kuchoma jina langu chini ya ubao wa kukalia, herufi za kina zinazoshikika kwa kidole. Nakumbuka moshi wa mbao na mafuta ya mandazi, na mimi nikicheka mara ya kwanza tangu siku ya bombe. Kwa kuwa alikuwa mkubwa wangu, nikamwita Yaya, yaani kaka, kuanzia siku ile.

Lakini kiti kiliingia, mimi nikabaki mlangoni. Prof aliniita ofisini kwake, chumba kilichonukia karatasi zilizonyeshewa na chai ya tangawizi, akanikalisha kwa upole wote wa mtu anayekwenda kukunyima kitu. "Mademoiselle, siye hatukukatai," aliniambia. "Lakini communiqué inabandikwa ku valves, pale ku mulango. Saa ya masomo, examen, bei ya minerval, yote iko pale. Utaisoma namna gani? Nani atakusomea kila siku? Na kama anakusomea bongo?" Communiqué ni tangazo, minerval ni ada, bongo ni uongo, na valves ndivyo tunavyouita ubao wa matangazo wa chuo, na kwa kweli maisha yote ya mwanafunzi yalining'inia pale. Nikamwambia mbona wenzangu walioko Beni, Aru, na wale wanaochimba dhahabu Mongbwalu kutafuta ada, nao hawauoni ule ubao. Akafurahi, kwa sababu nilimfungulia mlango wa hotuba yake juu ya tovuti ya chuo. "Ni juu ya ile ndjo wafadhili wanatupatia site! Ule wa Kampala atasoma, ule wa Aru atasoma. Na weye, siku ile site itakusomea yenyewe, utarudi. Ninakupatia parole yangu, ni ahadi." Bosco alikuwepo, alikuwa akitengeneza mashine ya kuchapisha kwenye kona. Alikohoa, akasema, "Prof, hiyo inawezekana." Kwa neno hilo moja nilimpenda kama ndugu, na kwa neno hilo nilikuja kumchukia.

Chumba cha tovuti kilikuwa ghala la zamani la maabara. Madirisha hayakuwa na vioo, yalizibwa na bâche, turubai lile la wakimbizi, nalo lilipiga kofi ukutani upepo ulipokuja. Nyuma ya ukuta jenereta ilinguruma, na ndani bado kulikuwa na harufu ya dawa ya kuhifadhia vyura waliokufa. Mgeni aliyekuja kufunga sahani ya setilaiti alikuwa amemwachia Bosco programu inayosoma kwa sauti kilichoandikwa kwenye kioo cha kompyuta. Ilikuwa ya kujaribia tu, si ya kununua, kwa hiyo baada ya muda ilinyamaza katikati ya neno, na hapakuwa na dawa ila kuzima kompyuta na kuiwasha upya. Ilisema Kifaransa cha mwanamke wa Paris aliyeshiba. Ikikuta jina la Kiswahili au la kwetu iliteleza vibaya, na jina la Tchomia, mji wa ziwani, lilipotamkwa nayo sisi wawili tulishika mbavu. Siku ya kwanza tulipoifungulia tovuti ya chuo, mwanamke yule alisema: "Image. Image. Lien. Image." Picha, picha, kiungo, picha, kisha akanyamaza, amemaliza. Bosco alikuwa ametengeneza kurasa nzuri, niliambiwa, zenye maandishi yanayokimbia na vitufe vyenye rangi ya bendera, lakini kila kitufe kilikuwa picha, na kila picha kwa yule mwanamke ilikuwa neno moja tu.

"Zima kioo, Yaya," nikamwambia.

"Nikizima sitaona kitu."

"Ni ile ndjo nataka."

Alisitasita. Nikafungua kitenge changu cha kujitanda, nikakitupa juu ya kioo, nikambana: atafute kalenda ya mitihani kwa masikio tu, kwa vidole juu ya vibonye, bila kipanya. Alianza kwa majivuno. Baada ya kitambo nikasikia kiti chake kinalia, nikasikia anapumua kama anapanda mlima, na mwanamke wa Paris akitusomea salamu za rekta, mkuu wa chuo, kisha akatusomea tena salamu za rekta, kisha tena. "Mado, huyu rekta anatoka fasi zote!" akapiga kelele. "Nikimukimbia huku, iko huku!" Tulicheka mpaka jenereta ikazima kwa kukosa mafuta, na hatukuacha kucheka. Kisha akasema taratibu, "Kumbe ni hivi." Kuanzia siku ile alifanya kazi kama mtu aliyetukanwa. Alitupa maandishi yanayokimbia. Vitufe akavigeuza maneno. Kila ukurasa akaupa kichwa chake ili mtu asitangulie kusomewa salamu za rekta kabla ya kufika anakokwenda. Na kila tangazo la valves alilichapa upya, neno kwa neno, ili mashine ilisome.

Nilikuwa nikienda pale nimekaa nyuma ya baiskeli ya Bosco, kwa sababu peke yangu nisingepita kwenye vizuizi. Mchana tulikula alichotuma mkewe Régine: mihogo ya kuchemsha na samaki wakavu wa ziwani, katika bakuli moja la plastiki, kwa mkono. Alinielekeza miiba kama alivyonielekeza viungo vya tovuti: "Mwiba, kushoto. Sasa endelea, hakuna kitu." Kupitia turubai tulisikia mji wote. Wanawake waliopita na ndoo walisema nani amerudi na nani haonekani. Siku nyingine vijana wa chuo walisimama pale nje wasijue nipo ndani, mmoja akauliza, "Ule kipofu anatafuta nini humu? Atakuwa avocat wa kutetea nani?" na mwenzake akajibu, "Wa vipofu wenzake." Bosco akataka kutoka. Nikamshika shati. Nilikuwa na hakika kwamba muda si mrefu nitakaa kwenye kiti changu mbele ya vijana wale wale na kuwapita kwa alama. Nilikuwa na hakika kwa sababu niliisikia kwa masikio yangu: siku moja mwanamke wa Paris alinisomea saa za masomo ya sheria ya jinai kutoka juu mpaka chini bila kukosa hata mstari. Nililia. Bosco akajifanya anatafuta waya chini ya meza.

Kisha likaja tangazo la uongo. Asubuhi moja watu walikuta kwenye valves karatasi iliyochapwa vizuri, isiyo na sahihi wala cachet, yaani mhuri, ikisema chuo kimefungwa na wapiganaji wanarudi mjini usiku ule. Sijui nani aliibandika. Mjini kila mmoja alikuwa na jibu lake, na kila jibu lilikuwa kabila la jirani. Wanafunzi walitawanyika, viti vikabaki vimepinduka ukumbini. Kijana mmoja aliyekimbilia barabara ya Mongbwalu hakuonekana tena. Wapiganaji hawakuja usiku ule, wala wiki ile. Kwa hiyo nilipomsikia Prof nje ya turubai letu anapiga kelele, sikuweza kusema hana haki hata kidogo. "Communiqué bila cachet ni nini, Bosco? Ni barua ya mapenzi! Mutu yeyote anaweza kuandika! Mutoto wa watu amekufa juu ya karatasi bila cachet!" Bosco akasema kitu cha chini chini, nikasikia jina langu. "Mado ndjo wetu," Prof akajibu, sauti imepoa. "Mambo ya Mado mimi nayajua. Lakini ku site yangu, kitu yenye haina cachet na signature, haiingie." Basi ikawa hivyo: kila tangazo lilipigwa mashine, likatiwa sahihi, likagongwa mhuri, kisha likapigwa picha na ile picha ndiyo ikawekwa kwenye tovuti. Maneno yote ambayo Bosco alikuwa ameyachapa yakafutwa kwa siku moja. Wenye macho walipendezwa, mhuri ulionekana wa bluu kabisa mpaka Kampala. Mwanamke wa Paris akarudi kusema: "Image. Image. Image."

Nilimuuliza Bosco tufanye nini. Akanieleza jambo ambalo sikulijua. Kila picha kwenye tovuti, alisema, ina mahali pa kuandikia maneno yasiyoonekana. Mwenye macho anaona picha, anapita zake. Mashine peke yake ndiyo inayoyasoma yale maneno. "Prof hataona kitu," alinong'ona. "Nitaandika communiqué yote nyuma ya cachet yake. Weye utasikia, yeye ataona cachet yake, kila mutu na furaha." Nikamwambia aape. Akaapa kwa mtoto aliyekuwa tumboni mwa Régine. Siku zile za mwisho kabla wafadhili hawajaja kuiona tovuti, barabara ya kutoka kwetu ilifungwa tena na sikuweza kwenda chuoni, lakini nililala vizuri, kwa sababu nilikuwa na neno la Prof na kiapo cha Bosco. Wengine wakati ule hawakuwa hata na mlango.

Wafadhili walikuja siku ya jua kali, nikachukuliwa kwa gari. Walinivika pagne, kitenge kipya cha chuo. Chumba cha maabara kilikuwa kimefagiliwa, dirisha limetiwa kioo, hata vyura walikuwa wametolewa. Nilijua kwa pua. Kulikuwa na soda baridi, karanga, na mbuzi wa kuchoma nje, na harufu ile iliwafanya watu wote waseme haraka. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu wetu, na siku ile wenyeji walipona kweli, walikula mpaka jioni. Prof alisema kwa Kifaransa cha dhahabu kwamba chuo hiki, katika majivu ya vita, hakimwachi mtu yeyote nyuma. Kisha mkono wake ukanisukuma begani: "Allez-y, Mademoiselle." Nikagusa vibonye. Mwanamke wa Paris akasoma ukurasa wa kukaribisha, wote wakasikia, wakapiga makofi, mama mmoja wa wageni akapenga kamasi. Ilitakiwa niishie hapo. Mimi nikaendelea, kwa kiburi tu, ili wasikie kitu cha kweli, nikafungua matangazo nikiyangoja maneno ya Bosco. "Image," ikasema. Nikashuka. "Image." Nikashuka tena, taratibu, nikitega sikio kama mtu anayegonga mlango na kujua wenyewe wamo ndani. "Image." Mgeni mmoja akauliza hizo ni nini. "Ah, ni picha za chuo chetu," Prof akajibu, akacheka, wakacheka wote, na kamera ikalia. Mkono wangu ulikuwa bado juu ya kibonye.

Kesho yake nilikwenda ofisini kudai neno langu. Prof hakuwa na chai siku ile. "Inscription ya wenye kurudi, kujiandikisha, ilifunga jana," alisema.

"Jana nilikuwa na weye, Prof. Mbele ya wageni."

"Communiqué ilikuwa ku valves, na ilikuwa ku site. Iko na cachet, iko na signature."

"Mashine ilisema image tu."

"Mademoiselle," akasema, na nadhani aliona huruma, na huruma ile ndiyo sikuisamehe, "nikifungulia weye peke yako, wote wenye walikosa watakuja hapa. Ngojea mwaka kesho." Tangazo lile lilikuwa moja ya zile picha nilizopita juu yake mbele ya watu wote. Nilikuwa nimesimama juu ya tarehe yangu, na watu wakanipigia makofi. Mwaka uliofuata Prof alihamishiwa Kinshasa. Aliyechukua nafasi yake alisema hajui ahadi yoyote, na kweli, ahadi ile haikuwa na mhuri.

Bosco nilimkuta kwenye chumba cha tovuti, anakunja nyaya. Sikumwita Yaya. Nilimuuliza kwa nini hakuandika. Aliendelea kukunja nyaya, turubai halipo, dirisha lina kioo sasa, hakuna kinachopiga ukuta. "Prof alisema akikuta hata neno moja bila cachet, contrat yangu imekwisha," akasema. "Régine anakaribia kuzaa, Mado. Na yeye mwenyewe alisema mambo yako anayajua. Nilifikiri utaingia tu." "Uliiweka ku site ile communiqué kwa mukono yako," nikamwambia. "Ulisoma tarehe. Ungenituma mutu." Akaanza kulia. Nikamwambia alie akiwa kwake. Nyumbani nikawaagiza kwamba mtu yule akija afukuzwe kwenye ua, nao walinitii vizuri kuliko nilivyojua. Hata kiti changu sikukifuata. Sikuifungua tovuti ile tena, si mwaka ule, si miaka mingine, hata simu zilipoanza kusema zenyewe na kila kipofu wa Bunia kuwa na mwanamke wake wa Paris mfukoni. Wengine wakiniuliza niliishia darasa la ngapi, husema vita vilinikatisha masomo. Ni rahisi kuliko kueleza picha.

Basi, baada ya kumtangaza redioni, nikaenda matangani kwa Bosco. Espérance alinishika mkono mpaka kwenye turubai la wafiwa, wanaume wakicheza karata upande mmoja, wanawake wakiimba upande mwingine. Régine alijua ni mimi kabla sijataja jina, anaisikiliza sauti yangu kila asubuhi. Alinikalisha kando yake kwenye mkeka, akanipa chai ya maziwa yenye sukari nyingi. Kisha akasema, "Dada Mado, alikuwa anaulizaka sana neno moja. Kila mwaka. Anasema: sijui Mado alishasikiliza ile foto?"

"Foto gani?"

"Mimi sijui. Ile ya ku site. Alisema macho haiwezi kuiona. Mimi nilifikiri ni mambo ya kilevi."

Nilirudi nyumbani, nikaketi na simu, nikaitafuta tovuti ya chuo kwa mara ya kwanza katika zaidi ya miaka ishirini. Nilipita kwanza kwenye matangazo, sikuweza kujizuia. "Image," simu ikasema. "Image. Image." Hawajabadilika, nadhani mhuri bado ni wa bluu. Nikatoka pale, nikafungua ukurasa wa historia ya chuo, nikashuka taratibu, wakurugenzi, majengo, wafadhili, mpaka nikafika siku ile ya mbuzi wa kuchoma. Ile picha waliyonipiga bado ipo. Wamejivunia nayo miaka yote hii. Na simu yangu haikusema "image". Ilianza kusoma, kwa ulimi wake wa Kifaransa unaoteleza, Kiswahili cha Bunia: "Huyu ni Mado. Walimupiga foto, hawakumupa fasi yake. Communiqué yenye kufunga inscription iko chini ya mukono yake, hakuisikia, juu mimi niliogopa kuiandika. Kiti yake watu walitaka kuikalia, nikaiondoa, iko kwangu. Mwenye anasikia hii, amuambie akuje."

Niliisikiliza tena, na tena. Nilikuwa na hasira, na sitaficha kwamba bado ninayo: angeandika vile siku moja mapema, ningekuwa wakili. Lakini nilihesabu pia jambo jingine. Maneno yale yalikaa wazi mbele ya dunia nzima, chini ya pua ya kila mkubwa wa chuo kile, wasiyaone. Kuyasikia kulihitaji kipofu mmoja tu apite pale. Kwa miaka yote ile hakupita hata mmoja, maana chuo hakikuwa na kipofu, na kipofu pekee aliyehusika alikuwa amekula kiapo cha kutofungua.

Matanga yalipokwisha nikarudi kwa Régine. Hakuniuliza nimekuja kufanya nini. Alikwenda chumbani, akaburuta kitu kwenye sakafu ya saruji, na nikaujua mguu ule unaoyumba kabla hajakiweka mbele yangu. "Watoto wote walikatazwa kuikalia," alisema. "Hata wageni wakijaa. Alisema iko na mwenyewe." Nikapitisha vidole chini ya ubao. M, A, D, O. Msumari ulikuwa umeingia ndani sana, hata mchwa hawakuweza kulifuta jina. Tulilia wote wawili, yeye akimlilia mume wake, mimi sijui nikililia nini hasa.

Mwenye moto-teksi, pikipiki ya kukodi, alikifunga kiti nyuma yangu kwa kamba za mpira. Alikuwa na sauti ya kijana aliyezaliwa baada ya mambo yote haya. Sikuwa nimepanga kitu, na sina hakika wangenifungulia hata geti. Nilijua tu desturi ilivyokuwa: kiti kikishaingia ukumbini, mwenyewe amerudi.

"Tunaenda wapi na hii kiti, mama?"

"Chuo kikuu."

"Masomo ilishaanza?"

"Ilianza zamani," nikamwambia. "Weye endesha tu."